Takataka Zetu na Haki ya Jirani



Katika mvua zilizopita tulimwona mwanafunzi wetu mmoja akimimina ndoo ya takataka mtaroni, mbele ya chuo. Tulipomkataza alijibu kwa adabu: "Maalim, nyumbani wamesema maji yatazichukua." Kweli, maji yalizichukua. Yakazifikisha chini ya daraja dogo, zikaziba njia, na usiku ule maji machafu yakaingia chumbani mwa mjane mmoja, jirani yetu sote. Mtoto hatukumwadhibu, kwani sisi watu wazima ndio tuliomfundisha.

Twadhani kwamba taka ikishatoka mlangoni mwetu imekwisha. La, haikwisha, imehama tu. Mji wetu wa Dar es Salaam ni ushahidi. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, waliokuwa wakiteswa na moshi, uvundo na inzi wa jaa la mji, walilishitaki Baraza la Jiji katika Mahakama Kuu, wakashinda. Baraza likaomba muda tena na tena, hata mwaka 1991 mahakama ikakataa kuliongezea. Jaa likahamia Vingunguti, baadaye Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi. Je, huko hawakai watu?

Basi dawa yaanzia jikoni. Sehemu kubwa ya taka za majumbani ni maganda ya ndizi na mihogo, majani ya mboga na mabaki ya chakula. Vikichanganywa na chupa na makaratasi, vyote huchafuka visifae kitu. Vikitengwa, vingine huliwa na kuku, na vingine hufukiwa shimoni vikawa mbolea ya mchicha. Chupa za plastiki na makopo wapo wayanunuao. Kibakicho ni kidogo. Nacho kiwekwe katika pipa lenye kifuniko mpaka gari la taka lije, na ada yake tuilipe bila ya kunung'unika.

Tumefundishwa kuwa kuondosha njiani chenye kudhuru ni katika matawi ya imani. Itakuwaje basi kwa yule akitiaye?

Enyi wazazi, wekeni ndoo mbili jikoni tangu leo. Nanyi vijana, zibueni mitaro kabla ya mvua kuanza. Sisi chuoni tumekwisha kuziweka ndoo zetu, na msimamizi wake ni mtoto yule yule.

Wassalaam.