Kompyuta Isitupigie Kelele Usiku Kucha



Huku kwetu Mbegani, jirani na chuo cha uvuvi, na hata ng'ambo Unguja, kazi nyingi za harusi sasa zinafanyikia nyumbani. Mpaka hina ana picha za mikono ya maharusi, mpiga picha wa ukumbi wa wanawake ana mamia ya mafaili, na mshonaji ana vipimo na hesabu za malipo. Vyote vimo kwenye kompyuta moja ya sebuleni. Fundi huipangia kazi ya usiku: saa nane inakili picha zote kwenye diski ya nje, kisha itume barua pepe.

Hapo ndipo penye hoja yetu. Barua inayokuja kila usiku kusema "imekamilika" haitulindi, inatuzoesha kutoisoma. Wahenga walisema kelele za mlango hazimkeshi mwenye nyumba. Ni kweli, lakini mlango ukishazoeleka kulia, mwizi naye anapita. Siku diski ikijaa, barua ya kosa itafunikwa na barua za heri, na bibi harusi akija kuomba picha zake, hazipo. Harusi hairudiwi kwa ajili ya picha.

Tuelewe tabia ya programu yenyewe. Kwenye Linux, kazi hizi huendeshwa na cron, na toleo lililoenea sana liliandikwa na Paul Vixie mwaka 1987. Kanuni yake ni nyepesi: kazi ikitoa maneno yoyote, cron huyatuma kwa barua pepe. Isipotoa neno, haitumi kitu. Haitofautishi habari njema na mbaya.

Fundi mwenye haraka ataandika MAILTO="" na barua zote zitakoma, za heri na za shari. Huko ni kumfunga mlinzi mdomo. Tiba ni kuifanya kazi inyamaze ikifaulu na iseme ikishindwa. Programu ya kunakili iitwayo rsync, ikiwekewa herufi v, hutaja kila faili inalolinakili. Iondolewe herufi hiyo, nayo hukaa kimya mpaka ikutane na kosa. Herufi moja tu.

Kutaja mafaili kuna jambo jingine, nalo ni sitara. Jina la faili mara nyingi ndilo jina la bibi harusi na tarehe ya singo yake. Barua hiyo inaishia kwenye simu ambayo kaka, mtoto au kijana wa dukani anaweza kuishika. Picha za mwanamke aliyevua mtandio mbele ya wanawake wenzake ni amana, na jina lake ni sehemu ya amana hiyo. Mafaili yapewe namba, na barua za makosa ziende kwenye anwani ya mwenye kazi peke yake.

Wapo watakaosema bora kelele kuliko kimya, maana kimya hakionyeshi kama kazi imefanyika. Wana haki. Umeme ukikatika saa nane ile, au uniti za LUKU zikiisha, cron haiirudii kazi iliyopitwa. Bando likiisha, hata barua ya kosa haitoki. Kwa hiyo kimya kina maana mbili. Lakini jibu si barua thelathini kwa mwezi. Iwe moja kwa wiki, tuseme Alhamisi jioni, inayotaja tarehe ya nakala ya mwisho. Isipokuja, inuka ukaangalie. Kwa kazi zilizopitwa, mwambie fundi aweke anacron. Kwenye Windows, achague kazi ianze mara kompyuta inapopata nafasi baada ya kupitwa na saa yake. Na kila mwezi, fungua picha moja kutoka kwenye ile diski kwa macho yako.

Muadhini haadhini kila nusu saa kutuhakikishia kwamba msikiti bado upo. Ana nyakati zake, na ndiyo maana akiadhini tunaitika.

Na wewe bibi harusi mtarajiwa, kabla hujatoa kianzio, muulize mpiga picha wako: nakala ya picha zangu itakuwa wapi, na utajuaje ikishindikana? Akikujibu kwamba kompyuta yake humtumia barua kila siku, usitosheke. Muulize alisoma lini ya mwisho.

Allah atujaalie kuwa wenye kutunza amana. Amin.