Anayeahirisha Masomo ya Mtandaoni Si Mvivu

Matokeo ya masomo ya mtandaoni yakitoka mabaya, hukumu huwa iko tayari: wanafunzi wetu ni wavivu, hawana nidhamu. Mhadhiri anasema hivyo, mume nyumbani anasema hivyo, na wahamasishaji waliojaa YouTube wanajipatia riziki kwa kusema hivyo. Amka saa kumi alfajiri, zima simu, jitume! Anayeshindwa anatupiwa methali kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Mimi naikataa hukumu hiyo. Ni ya uongo, na inawaumiza watu wanaofanya kazi kuliko wengi wanaowahukumu.

Mtazame muuguzi wa kituo cha afya cha wilayani anayesomea shahada kwa njia ya mtandao. Ametoka zamu jioni, kapika, kalisha, watoto wamelala. Saa nne usiku anaketi na simu yake, maana kompyuta hana, anaingia kwenye mfumo wa chuo, nao unamzungusha kabla ya kuikubali nywila. Asaimenti inamtaka ajadili kwa kina nafasi ya takwimu katika kupanga huduma za afya ya jamii, kwa maneno 2,500. Anaisoma. Anairudia. Hajui aanzie wapi, na saa hizo hakuna wa kumuuliza. Kifua kinambana. Anaiweka simu kando, anakwenda kuosha vyombo ambavyo vingesubiri asubuhi. Akimaliza anapiga pasi sare za watoto za wiki nzima. Saa sita anapanda kitandani akiwa amejikasirikia.

Uvivu uko wapi hapo? Mvivu angelala tangu saa nne. Huyu ameosha sufuria na kunyoosha mashati akiwa hoi, ili tu asikae mbele ya lile swali. Hakukimbia kazi. Amekimbia hofu ya kutoweza, na aibu ya kuhisi kwamba pengine wenzake wote wameelewa isipokuwa yeye. Wanasaikolojia Fuschia Sirois na Timothy Pychyl waliliandika hili mwaka 2013: mtu anaahirisha ili apate nafuu ya moyo sasa hivi, na gharama anamwachia yule atakayekuwa kesho. Ukimwambia mtu mwenye hofu kwamba ni mvivu, umemwongezea hofu.

Na mama huyu huyu alifaulu kidato cha nne, pengine kwa kusomea kibatari. Nidhamu ile imekwenda wapi? Haikwenda popote. Shuleni nusu ya nidhamu ilikuwa yake na nusu ilikuwa ya shule. Kulikuwa na kengele. Kulikuwa na ratiba ya mitihani ubaoni, mwalimu aliyejua nani hajakusanya daftari, na wenzake wa diskasheni waliomfuata hadi bwenini kumuuliza swali la nne limetokaje. Masomo ya mtandaoni yameondoa vyote hivyo kwa mkupuo, kisha tunamshangaa mtu kwa kuyumba.

Badala yake amepewa ahadi inayopambwa kwenye kila tangazo: soma kwa wakati wako. Hapa ndipo hasira yangu ilipo hasa. Katika nyumba zetu, mwanamke mwenye familia hana kitu kinachoitwa wakati wake. Akitoka kwenda darasani, hata shemeji anajua: yuko chuo, asisumbuliwe. Akisoma sebuleni kwa simu, kila mtu anaona anachezea simu. Anatumwa dukani, anaulizwa chumvi iko wapi, anapokea mgeni. Kijana wa kiume naye atatumwa kwenye shughuli za ukoo kwa sababu yuko tu nyumbani. Jengo la darasa lilikuwa linamlindia mtu saa zake, na vyuo vingi havikufikiria kitu cha kuziba pengo hilo. Saa isiyolindwa na yeyote huchukuliwa na yeyote.

Wasemao tatizo ni tabia ya Waafrika watazame takwimu za Harvard na MIT, vyuo visivyokosa fedha wala wahadhiri. Mwaka 2019 Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walichapisha katika jarida la Science uchambuzi wa kozi za bure za mtandaoni za vyuo hivyo viwili. Kwa mwaka wa masomo 2017–18, waliomaliza walikuwa asilimia 3.13 tu ya wote waliojiandikisha. Utasema wengi walikuja kuchungulia, na ni kweli. Lakini hata miongoni mwa waliolipia cheti, waliomaliza hawakufika nusu. Wanafunzi hao walitoka pande zote za dunia. Wote ni wavivu?

Wako wanaomaliza, nami nawavulia kofia. Ila waulize walimalizaje. Wengi watakutajia mtu: dada aliyewashikia watoto Jumamosi, mwenzao wa kozi waliyepigiana naye simu kila wiki, bosi aliyekuwa akisubiri cheti. Tunawasifu kwa nidhamu binafsi, na wale waliowashikilia hatuwataji.

Kukemea nako hakusaidii. Mwaka 2010, Michael Wohl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carleton, Kanada, walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi 119 wa mwaka wa kwanza. Miongoni mwa walioahirisha kujiandaa kwa mtihani wa kwanza, wale waliojisamehe ndio walioahirisha kidogo zaidi kuelekea mtihani wa pili. Anayejilaumu usiku kucha huamka akilichukia daftari lenyewe.

Kwa hiyo ndugu msomaji unayeahirisha, acha kujitukana. Achana pia na azimio la jumla kwamba wiki hii nitasoma sana. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha kwa miaka mingi kwamba mtu hutekeleza zaidi akipanga mapema lini, wapi, na kitendo gani cha kwanza. Sema: watoto wakishalala, nitakaa meza ya jikoni na kuandika sentensi mbili za swali la kwanza, hata zikiwa mbovu. Mwambie mwenzako mmoja wa kozi kwamba saa tatu na nusu utamtumia picha ya sentensi hizo. Waambie wa nyumbani kwako saa hiyo ni ya darasa, nao waiheshimu kama darasa.

Lakini mzigo mkubwa ni wa vyuo, na huko ndiko hukumu ielekezwe. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1992, kilijiwekea vituo mikoani kwa sababu anayesoma mbali anahitaji mtu wa karibu. Kenya nayo ilikipa hati Chuo Kikuu Huria chake Agosti 2023, na masomo yake ni ya mtandaoni. Watakaoingia kwenye njia hii wataongezeka kila mwaka. Asaimenti ya maneno 2,500 igawanywe vipande vinne, kila kimoja na tarehe yake na mtu wa kukisoma. Wanafunzi wawekwe kwenye vikundi vidogo vyenye mkufunzi anayewajua kwa majina. Wahadhiri watasema kazi hiyo ni nyingi. Ni nyingi kweli, na ndiyo kazi yenyewe ya kufundisha. Ada ya muuguzi yule haikulipwa ili apewe nywila na kuachwa.

Nawaomba wakuu wa vyuo jambo moja muhula huu. Mfumo wenu unawaonyesha nani hajaingia kwa wiki mbili. Kabla hamjalifuta jina lake, mpigieni simu.