Kutoka ndege hadi boti: kipande cha njia kisicho na mwenyewe

Watu wakizungumza juu ya safari katika jimbo letu, swali la kwanza ni hili: ndege ni bei gani? La pili: boti inatoka siku gani? Lakini msafiri wa Kasongo ao wa Kabambare anajua vizuri kwamba pesa yake haiishi ndani ya ndege, wala haiishi ndani ya boti. Inaisha katikati, pale anapotoka uwanjani na mizigo, akiwa bado hajafika mtoni.

Kipande hicho ni kifupi kwenye karta. Kwa mfuko wa mtu ni kirefu sana. Na tangu mwaka 2025 kimekuwa jambo la kila siku kwa watu wa kusini mwa Maniema.

Kwa nini sasa?

Mwisho wa Januari 2025 mji wa Goma uliingia mikononi mwa M23/AFC, na ndege za abiria na za biashara zikaacha kutua pale. Katikati ya Februari, uwanja wa Kavumu karibu na Bukavu ukafuata. Kwa Maniema hilo lilikuwa pigo. Goma na Bukavu njo zilikuwa mlango wa bidhaa nyingi zilizofika kwetu kwa ndege ndogo: dawa, nguo, vipuri, sabuni.

Wacuuzi wakageukia milango mingine: Kisangani upande wa kaskazini, reli ya Lubumbashi upande wa kusini, na ziwa Tanganyika upande wa mashariki. Angalieni vizuri: hakuna hata mlango mmoja kati ya hiyo unaokufikisha nyumbani kwa chombo kimoja. Ni ndege kisha boti, ao boti kisha gari, ao treni kisha mtumbwi kisha pikipiki. Na kila unapobadilisha chombo, unalipa.

Milango mitatu, shida moja

Tuanze na Kindu. Uwanja wa ndege, gare na bandari ya SNCC vyote viko upande wa magharibi wa mto Lualaba. Kwa mtu anayetoka Kinshasa na kuendelea kwa boti hadi Ubundu, hilo ni jambo zuri. Anachukua pikipiki, anafika bandarini. Lakini Kasongo na Kabambare ziko upande wa mashariki. Kwa hiyo mtu wetu akishuka ndege Kindu, ameshuka ng'ambo isiyo yake. Lazima avuke mto kabla ya kufika kwao.

Na mto wenyewe haumpeleki kwao. Boti za Kindu zinateremka kaskazini hadi Ubundu, kilomita kama 300. Kupanda kusini haiwezekani, sababu maporomoko yanafunga njia kati ya Kindu na Kibombo. Kati ya Kibombo na Kasongo kuna kipande kingine cha mto kinachopitika, kilomita kama 100, lakini kimekatwa na kingine. Treni nayo inapita Kibombo na Samba, bado upande wa magharibi. Ukishuka Samba unatafuta pikipiki ao kinga hadi mtoni, unavuka, kisha unatafuta pikipiki nyingine, sababu mji wa Kasongo wenyewe hauko ukingoni.

Kisangani ni vilevile. Ndege inatua Bangoka, kilomita kama 17 nje ya mji, upande wa kulia wa mto. Gare ya treni ya Ubundu iko Lubunga, upande wa kushoto. Kati ya hizo mbili kuna mji mzima na mto mzima. Treni nayo haiko kila siku. Ukikosa siku yake, unalala, unakula, unalipia mizigo ilindwe.

Mlango wa tatu ni Kalemie, na huu unawahusu zaidi watu wa Kabambare. Pale bandari na gare viko pamoja, lakini uwanja wa ndege uko nje ya mji. Tena Kabambare haina reli wala boti ya kuiunganisha na ziwa. Ni barabara tu: Salamabila, Misisi, Lulimba, na kutoka Lulimba unachagua Baraka ao unateremka Bendera hadi Kalemie. Ni eneo ambalo watu wenye silaha wamezunguka miaka mingi. Kwa hiyo kipande cha kuunganisha hapa si suala la pikipiki ya dakika kumi. Ni siku nzima, mara nyingi zaidi ya moja, na mtu anaomba Mungu afike salama.

Wa zamani walipanga nini?

Wakoloni walijenga njia hii kwa faida yao, kutoa mali, na watu wetu walilipa kwa jasho na maisha. Lakini mpango wa kiufundi una somo. Reli ya Kisangani hadi Ubundu, kilomita 125, ilimalizika mwaka 1906 ili kuzunguka maporomoko. Kutoka Ubundu boti ikachukua mzigo hadi Kindu. Kutoka Kindu reli tena hadi Kongolo. Mwaka 1915 reli ya Kabalo ikafika ziwani, mji unaoitwa leo Kalemie. Kila mahali mto uliposhindwa, treni ilianza palepale. Gare ilijengwa bandarini, siyo mbali nayo.

Ndege zilikuja baadaye, na viwanja vikawekwa mahali penye nafasi. Hakuna aliyerudi kuuliza: msafiri atatoka hapa namna gani hadi kwenye boti?

Nani mwenye kipande cha katikati?

Hapa njo kuna kiini cha jambo. Uwanja wa ndege ni wa RVA. Reli, bandari ya Kindu na boti za kwenda Ubundu ni za SNCC. Njia ya maji yenyewe, na alama zake, inaangaliwa na RVF. Barabara kubwa na vivuko vyake ni kazi ya Office des Routes. Pesa ya kutunza barabara inakusanywa na FONER tangu sheria ya mwaka 2008. Barabara za vijijini zina ofisi yake nyingine.

Kila mmoja ana mlango wake, ofisi yake na karatasi yake ya kulipisha. Lakini muulize yeyote kati yao: nani anahakikisha kwamba mgonjwa aliyeshuka ndege saa tisa atapata kivuko kabla ya jua kuzama? Hakuna. Kipande hicho hakina mwenyewe. Na mahali pasipo na mwenyewe, bei inapangwa na mwenye nguvu siku hiyo: mwenye pikipiki pekee iliyopo, mwenye mtumbwi pekee, ao yule aliyesimama kwenye barieri.

Huko Zanzibar uwanja wa ndege uko kilomita kama 7 kutoka bandari ya Malindi, mahali boti za Dar es Salaam zinafunga. Daladala namba 505 inaenda uwanjani kutoka mjini. Mwenyeji anapanda gari lilelile na mgeni. Hakuna muujiza pale. Kuna lami, kuna namba ya njia, na kuna nauli ambayo kila mtu anaijua.

Tudai nini?

Tunasikia ahadi nyingi: uwanja utatengenezwa, boti mpya itakuja, reli itafufuka. Ni ahadi nzuri, na tunazihitaji. Lakini uwanja mpya bila kivuko cha uhakika unamsogeza tu mtu wa Kasongo hadi ukingoni, kisha unamwacha.

Mambo kadhaa hayahitaji mamilioni ya dola. Nauli ya pikipiki na ya mtumbwi iandikwe kwenye ubao, uwanjani na bandarini, baada ya serikali ya jimbo kukaa na vyama vya wenye pikipiki na wenye mitumbwi. Kivuko kiwe na saa inayojulikana, na saa hiyo ifuate siku za treni na ndege. Pajengwe banda ukingoni, lenye paa na choo, sababu mama mwenye mtoto hawezi kungoja chini ya mvua. Ushuru wa mzigo ulipwe mara moja, kwa karatasi moja inayokubalika barieri zote. Na redio zetu zipewe mapema habari ya siku treni ao boti inafika, ili mtu asitoke kijijini bure.

Kwa Kabambare kuna sharti la kwanza kabla ya yote: usalama wa barabara ya kwenda ziwani. Bila huo, ubao wa nauli hauna maana.

Kwa hiyo siku mkubwa fulani atakapokuja kuzindua uwanja ao kukata utepe bandarini, wabunge wetu wa jimbo wamuulize swali moja tu: na kutoka hapa hadi pale, nani anajibu?