Msongo wa Mawazo na Kalenda ya Majani Chai

Neno "msongo" latokana na kusonga, yaani kubana. Abanwaye ana kinachombana. Hapo ndipo washauri wengi hukosea, wakimhimiza mwanafunzi alale mapema. (Usingizi ni mwema, lakini haulipi deni.) Mwana wa mkulima wa Nyamira hudaiwa karo mwaka wa masomo uanzapo, aghalabu Septemba, ilhali bonasi ya KTDA huwafikia wazazi yapata Oktoba. Nimewafundisha wengi wa aina hiyo: mwili u darasani, roho i dirishani kwa mhasibu. Chuo Kikuu cha Kisii, kilichopata hati mwaka 2013, kimezungukwa na wakulima hao. Je, ni muhali tarehe ya karo kuifuata bonasi? Hadi hapo, mwanafunzi, iendee ofisi ya mkuu wa wanafunzi kabla ya mtihani, si baada yake.