Kabla ya Tabo, Nionyeshe Namba za Kranki

Tuseme ukweli jamani. Ukipita Mama Ngina Jumapili jioni, Subaru utaisikia kabla hujaiona. Ekzosi inapasuka, simu zote ziko juu, kesho yake video ina laiki kama mchanga wa pwani. Na tangu Safari Rally irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 kule Naivasha, homa imezidi. Kila barobaro ana mpango wa kujenga injini ya nguvu.

Sina ubaya na hilo. Video za gari ndizo ninazotengeneza, hapa hapa Mji wa Kale, hatua chache tu kutoka Ngome ya Yesu. Lakini nina neno, na najua litawaudhi baadhi ya mafundi: injini ambayo nafasi ya kranki haikupimwa na kuandikwa, hiyo haijajengwa. Imefungwa tu.

Kwa ambaye hajawahi kuona injini ikifunguliwa, kranki ni ule mhimili mzito ulio chini, unaogeuza kupanda na kushuka kwa pistoni kuwa mzunguko wa kwenda kwa magurudumu. Shingo zake zinakaa ndani ya metali, vile vipande vyembamba vilivyopinda kama nusu ya pete. Sasa sikiliza: injini ikiwa nzima na inazunguka, kranki na metali havigusani. Katikati kuna utando wa oili, na kranki inaelea juu yake. Ile nafasi ya utando ndiyo tunayoizungumzia hapa.

Ni ndogo kiasi gani? Wajenzi wa injini za mashindano wana kanuni ya zamani: sehemu moja kwa elfu ya kipenyo cha shingo. Shingo ya milimita 50, nafasi ya milimita 0.05, yaani kama unene wa unywele mwembamba. Hapo ni pa kuanzia tu. Kitabu cha injini yako ndicho kinachotawala, na injini nyingi za Kijapani hutaka chini ya hapo.

Ikibana kuliko inavyotakiwa, oili haipiti ya kutosha, joto linapanda, metali inashika shingo. Ikilegea kupita kiasi, oili inamwagika pembeni, presha inashuka, konrodi inaanza kugonga. Ule mlio wa "ko-ko-ko" unaujua. Ukishausikia, umechelewa.

Na ukiongeza nguvu, mambo yanazidi kuwa magumu. Kranki inasukumwa zaidi na kujipinda kidogo, joto linaongezeka, vyuma vinatanuka. Ndiyo maana wajenzi wengi wa injini za nguvu huacha nafasi kubwa kidogo kuliko ya gari la kwenda sokoni, halafu wanachagua unene wa oili na pampu kulingana na nafasi hiyo. Utachagua vipi oili kama hujui nafasi? Unabahatisha. Wengine wanatia oili nzito kuzima mlio, na hiyo ni kumpa mgonjwa panadoli umwambie amepona.

Chukua zile injini za Subaru za EJ20, mapenzi ya vijana wa hapa. Pistoni zinalala ubavu kwa ubavu, kranki ni fupi, na kwa hivyo metali zake ni nyembamba. Metali za konrodi ni ugonjwa wake unaojulikana dunia nzima. Tena bloku imegawanyika vipande viwili, kwa hivyo kupima vizuri kunataka uifunge yote, ukaze boliti kwa nguvu iliyoandikwa, upime, halafu uifungue tena. Kazi ya kuchosha. Kwa hivyo injini inayohitaji vipimo zaidi ndiyo inayorukwa zaidi.

Badala yake tunaambiwa nini? Fundi anazungusha kranki kwa mkono, inazunguka laini, anasema, "Iko poa." Kaka, mkono hauwezi kusoma sehemu ya mia ya milimita. Kranki inaweza kuzunguka laini ilhali nafasi imepita kiasi. Ama imetoka kusagwa na kuwekewa metali za 0.25, na hakuna aliyehakikisha kama iliyosagwa ni 0.25 kweli.

Baraza za huku nimejibiwa, "Babu zetu walijenga majahazi kwa jicho, na yakafika Maskati." Jawabu nzuri, na mimi nawaheshimu wazee wale. Lakini jahazi ni mbao. Mbao ikiingia maji inavimba, na palipobaki upenyo pamba na mafuta vinapigwa, chombo kinakalafatiwa. Chuma hakina kalafati. Hakuna pamba utakayoisukuma kati ya kranki na metali.

Kinachoniuma ni pesa za watu. Kijana mmoja wa maskani yetu alijinyima miaka miwili, akajengewa injini na gereji moja hapa mjini. Hakufika Kilifi. Aliporudi kuuliza, akaambiwa "umeikanyaga sana". Labda ni kweli, labda si kweli. Karatasi ya vipimo haikuwepo, na bila karatasi mteja hana la kusema. Tena alibahatika. Injini kushika ghafla ukiwa juu ya daraja la Nyali, trela liko nyuma yako, haiishi kwa hasara ya pesa tu.

Kwa hivyo kabla ya kulipa, taka namba nne kwa maandishi. Moja, kipenyo cha kila shingo kwa maikromita, kikipimwa sehemu zaidi ya moja, maana shingo huweza kuwa yai badala ya duara. Pili, kipenyo cha ndani cha metali zikiwa zimekazwa mahali pake. Tatu, tofauti ya hizo mbili: hiyo ndiyo nafasi yako. Nne, mchezo wa kranki kwenda mbele na nyuma. Kama gereji haina geji ya kupimia ndani, kuna uzi wa plastiki unaoitwa Plastigauge. Unaulaza juu ya shingo kavu, unakaza bila kuzungusha kranki, unafungua, unalinganisha upana wa uzi uliopondeka na kipimo kwenye pakiti yake. Hautoshi peke yake kwa injini ya nguvu, lakini ni bora mara mia kuliko mkono.

Fundi mzuri hataudhika ukiuliza. Karatasi ile inamlinda hata yeye: gari likirudi, ana ushahidi wa kazi yake. Ila kupima kunakula siku nzima, na mteja anayelipia rimu bila kusita halafu anapigania bei ya siku hiyo moja, asishangae.

Kuanzia sasa, ukiniletea injini yako niirekodi, sitauliza tabo ni kubwa kiasi gani. Nitakwambia ulete karatasi. Hiyo ndiyo itakayokuwa picha ya kwanza ya video.