Kabla ya Ukuta, Fanyeni Baraza

Leeds, Uingereza

Kwa wazazi, walimu, wanabodi na wanafunzi wenzangu wa zamani mlioko Kawangware, Riruta, Kangemi na Uthiru,

  

Ujumbe wenu kwenye kundi la WhatsApp nimeupata, na hesabu ya fundi nimeisoma hadi mstari wa mwisho: ukuta mpya kuzunguka shule, kamera langoni na kwenye mabweni, na vyuma vizito zaidi kwenye madirisha. Mnaomba sisi tulio ughaibuni tuchange nusu, ninyi mtafute nusu iliyobaki. Najua mnakotoka. Muhula uliopita wanafunzi walivunja vioo, wakalala uwanjani, kisha kila mzazi akatozwa fidia, hata yule ambaye mtoto wake alikuwa nyumbani anaugua. Kuchanga sikatai. Ila kabla sijatuma senti naomba mnisikilize kidogo, kwa kuwa hesabu ile imenikumbusha mwalimu ambaye hakunifundisha hata siku moja.

Wa rika langu mnaikumbuka ploti yetu ya mabati karibu na Naivasha Road, yenye mfereji mmoja na foleni ya mitungi tangu alfajiri. Kijana wa chumba cha pembeni, ambaye mamake aliuza sukuma wiki na nyanya, alipata nafasi katika shule ya bweni ya wavulana ya Starehe. Siku ya kuripoti walipanda matatu ya 46 hadi mjini, wakavuka Tom Mboya Street na River Road kwa miguu, sanduku kichwani, wakapitia Ngara hadi General Waruinge Street. Karo hawakulipa. Mama aliulizwa anapata kiasi gani kwa mwezi, akasema, yakaisha.

Likizo alipokuja, asubuhi alikwenda kituo cha afya kujitolea, kupanga kadi za wagonjwa na kushika mizani ya watoto wachanga. Jioni aliketi juu ya mtungi uliopinduliwa, sisi tumemzunguka, akatusimulia jambo ambalo hatukuliamini. Alisema kila wiki shule nzima hukaa barazani, Mkurugenzi mwenyewe akiwa mbele, na mvulana yeyote, hata wa kidato cha kwanza, ana ruhusa ya kusimama na kuuliza neno lolote, liwe la chakula, la viranja, au la uamuzi wa Mkurugenzi.

"Ukishauliza?" tukamhoji.

"Unajibiwa."

"Na kesho yake?"

"Kesho yake unaenda darasani."

Tulicheka. Shuleni kwetu tulikuwa na sanduku la maoni lililotundikwa nje ya mlango wa naibu wa mwalimu mkuu, mahali ambapo kila atiaye karatasi anaonekana. Halikuwa na karatasi hata moja. Tulipofika kidato cha tatu shule iligoma, polisi wakaja na mabomu ya machozi, tukajikuta stendi na masanduku yetu kabla ya jua kuzama. Uchunguzi ulipofanywa, swali la kwanza lilikuwa ni nani wachochezi. Swali la wanafunzi walitaka nini halikuulizwa.

Mkurugenzi ambaye jirani yangu alimsimulia, yule mwalimu niliyemtaja mwanzo, aliitwa Geoffrey Griffin. Alizaliwa Eldoret mwaka 1933, akasoma Prince of Wales, shule ya wavulana wa kizungu ambayo leo ni Nairobi School, ile mnayoipita kila siku kwenye Waiyaki Way mkitoka Kangemi kwenda Westlands. Wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipokuwa ikipigana na Mau Mau, alikuwa afisa wa jeshi la King's African Rifles. Yaliyotendwa na vikosi vya serikali dhidi ya raia yakamkera, mkataba wake ulipokwisha akakataa kuuendeleza. Akageukia vijana waliofungwa kwa tuhuma za Mau Mau, kwanza Manyani, halafu Wamumu kule Mwea, kambi iliyogeuzwa shule ya kuwarekebisha.

Najua wazee wetu wana la kusema kuhusu kambi hizo, na wana haki. Wamumu ilikuwa ya serikali ya kikoloni, na mvulana aliyepelekwa pale hakuulizwa kama anataka. Simpambi Griffin. Ninachotazama ni alichokifanya baada ya hapo, na watu aliokifanya nao.

Nairobi ya mwisho wa miaka ya 1950 ilijaa watoto wa barabarani. Msako wa serikali ya kikoloni wa Aprili 1954, Operation Anvil, ulikuwa umezoa maelfu ya watu wazima na kuwapeleka vizuizini, na watoto wengi wakabaki bila mlezi. Tarehe 14 Novemba 1959, Griffin pamoja na Joseph Gikubu na Geoffrey Geturo walifungua kituo cha Starehe katika vibanda viwili vya mabati. Hawa wawili msiwasahau, kwani hadithi ya Starehe husimuliwa mara nyingi kana kwamba Mzungu alikuwa peke yake. Kituo kilianza kwa kuwapa watoto chakula na mahali pa kulala, kikawa shule ya msingi, kisha sekondari, hadi kikahesabiwa miongoni mwa shule zilizoongoza nchi katika mitihani. Wengi wa wanafunzi walisoma bila kulipa, na mwenye uwezo alilipa kwa kadiri ya kipato chake. Wito wa shule ukawa "Natulenge Juu". Griffin aliiongoza kwa zaidi ya miaka 45, hadi kifo chake tarehe 28 Juni 2005, na kati ya 1964 na 1988 alikuwa pia mkurugenzi wa Huduma ya Vijana kwa Taifa. Mtu mwenye shughuli kiasi hicho angeweza kusema hana nafasi ya kuketi na watoto kila wiki. Aliketi.

Nidhamu ya Starehe ilikuwa kali, viranja walikuwa na mamlaka makubwa, na kengele ilitii saa. Mtu akisikia habari za baraza anaweza kudhani ilikuwa shule ya kulegezeana kamba. Jirani yangu alituambia kinyume chake: ukali uliwezekana kwa kuwa ulikuwa na mahali pa kuulizwa. Kiranja aliyemwonea mtoto alijua kwamba siku ya baraza jina lake laweza kutajwa mbele ya watu wote. Mpishi alijua. Mwalimu alijua. Mkurugenzi naye alijua kwamba akitoa amri ya ovyo ataombwa sababu, na sababu isipokuwepo wavulana wote wataiona nafasi hiyo tupu. Wakati shule nyingine zikiwaka kwa migomo, Starehe ya Griffin haikujulikana kwa hilo. Mwaka 1994 aliandika kitabu cha kuwaelekeza wakuu wa shule za bweni, School Mastery. Wanabodi, kitafuteni kabla hamjampa fundi wa vyuma malipo ya kwanza.

Upande wetu wa magharibi tulikuwa na mkuu mwingine wa shule wa kukumbukwa, Carey Francis wa shule ya Alliance, Kikuyu. Huyo alikuwa mwanahisabati wa Cambridge aliyeiongoza Alliance kuanzia 1940 hadi 1962, mkali kuliko Griffin. Alipostaafu hakwenda kwao kupumzika. Alivuka mji hadi Pumwani, akawa mwalimu wa kawaida katika shule ya sekondari ya watoto wa Eastlands, hadi alipofariki 1966. Nawataja pamoja kwa sababu wote wawili hawakuogopa kushuka kwenye kiti. Mkuu wa shule anayeogopa kuulizwa swali na mtoto wa miaka 14 ana tatizo ambalo kamera haitaliona.

Sasa turudi kwenye hesabu yenu, hasa kipengele cha vyuma vya madirisha. Usiku mmoja wa Machi 2001 bweni la shule ya Kyanguli, Machakos, liliteketea na wavulana 67 wakafa. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwaka 2017 moto ukaingia Moi Girls, hapo karibu na Kibra, ambapo baadhi yenu mna mabinti. Septemba 2024 ukaua wavulana 21 Hillside Endarasha, Nyeri. Sisemi kila moto huwashwa na mwanafunzi. Nasema kwamba uwe umewashwa na mwanafunzi, na waya mbovu au na mshumaa, dirisha lenye chuma ni kaburi. Wizara ya Elimu iliyasema haya katika mwongozo wake wa usalama wa shule wa 2008: madirisha ya bweni yasiwekwe vyuma, milango ifunguke kuelekea nje, na isifungwe kwa nje watoto wakiwa ndani. Kwa hiyo, waheshimiwa, mnatuomba tuchangie kitu ambacho wizara yenyewe imekataza.

Kuhusu migomo, serikali imeunda kamati baada ya kamati. Ile iliyoongozwa na Naomi Wangai mwaka 2001 ilizunguka nchi nzima, na miongoni mwa mambo iliyoyaona ni mawasiliano duni kati ya wakuu wa shule na wanafunzi. Tangu 2009 shule zimehimizwa kuwa na mabaraza ya wanafunzi waliochaguliwa na wenzao. Shule yetu ina baraza hilo, nimeliona kwenye picha mliyotuma: wanafunzi wamevaa tai mpya, wamesimama nyuma ya mwalimu mkuu. Nilimpigia mmoja wao, mwana wa binamu yangu, nikamuuliza wamekutana na mwalimu mkuu mara ngapi tangu picha ipigwe. Akaniambia, "Anko, hiyo ilikuwa ya picha."

Nasikia tayari majibu yenu. Mtasema Griffin alikuwa na wafadhili wa ng'ambo. Alikuwa nao, na waliwalipia wengi karo. Lakini baraza halikununuliwa na mfadhili. Linahitaji viti, saa moja, na mtu mzima anayeweza kusikia asichokipenda bila kukunja uso. Mtasema watoto wa siku hizi wameharibiwa na simu na dawa za kulevya. Watoto wa kwanza wa Starehe walitolewa mitaroni, wengine wakiwa wezi wa mifukoni, na waliaminiwa kusimama na kusema. Mtasema wakipewa nafasi watatukana. Labda baraza la kwanza litakuwa la matusi. Hata sisi watu wazima, tukinyimwa nafasi ya kusema kwa muda mrefu, hatuanzi kwa adabu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi hesabu ya ukuta ndiyo hiyo imefika, na bei yake mnaiona. Ufa ni ule mlango wa ofisi ambao mwanafunzi haubishi mpaka aitwe kuadhibiwa.

Basi ombi langu ni hili. Vyuma vya madirisha viondolewe kwenye hesabu, na vilivyopo sasa vikatwe. Milango ya mabweni igeuzwe ifunguke nje. Gharama hiyo niko tayari kuchangia kwanza kabla ya nyingine yoyote. Kamera na ukuta vingoje. Kisha, kila wiki kwa muhula mmoja, mwalimu mkuu akae na shule nzima, mwanabodi mmoja awepo, mwalimu mmoja aandike kila swali na jibu lililotolewa, na asiwepo mwanafunzi atakayeitwa ofisini kwa alilouliza. Mama na baba mliopo hapo, waulizeni watoto wenu kilichosemwa. Mkiona wanajua, baraza lipo. Wakinyamaza, halipo.

Na wenzangu mlio Minneapolis, Doha na London, msitume fedha kwa aibu ya kuonekana wachoyo. Ulizeni kwanza. Tukilipia vyuma, tutakuwa tumelipia vyuma.

Jirani yangu wa ploti leo ni daktari, na mamake bado yu hai. Griffin alijenga shule ambamo mvulana maskini aliulizwa maoni yake kabla hajajua kwamba ana maoni. Nitumieni kumbukumbu za baraza la kwanza, na mchango wangu mtaupata siku hiyo hiyo.

Wenu katika elimu,
Mwanafunzi wenu wa zamani