Musituite tena bashujaa wa kuvumilia. Ondoeni bariyeri

Vijana wenzetu wa Goma, wa Bukavu, wa Butembo, na nyinyi muliokimbilia mbali mukitusoma kwa telefone,

Kuna neno moja linatembea huku kwetu kuliko hata gunia la makala: rezilyansi. Volkano ikilipuka, banasema tuko na rezilyansi. Barabara ikikatwa, rezilyansi. Benki zikifungwa, rezilyansi. Linasemwa kwa semina, ndani ya hoteli, mbele ya chupa za maji baridi. Ukilifungua, maana yake ni hii: hawa batu banapigwa, banaanguka, banaamuka, basi tunaweza kuwaacha vile.

Tunakataa. Hatukatai kwamba bamama wetu biko na akili. Bila akili yao huu muji ungekuwa umekufa njaa zamani. Tunakataa akili hiyo igeuzwe kuwa sababu ya wakubwa kukaa mikono mitupu. Na tunakataa zaidi igeuzwe kuwa mgodi. Juu ukiangalia vizuri, kila mara mama anapovumbua njia mpya ya kuleta chakula mujini, kuna mutu anakimbia mbele yake kuweka kamba.

Tuanze na sahani. Goma imekaa juu ya mawe ya volkano, na maharagi haioti kwa mawe. Chakula kinatoka Masisi, kinatoka Rutshuru, kinatoka Minova na Kalehe kando ya ziwa, kingine kinavuka mpaka toka Rwanda na Uganda. Njia ni chache, na zote zimeshafungwa kwa zamu. Machi 2020 mpaka ulifungwa juu ya korona. Mei 2021 Nyiragongo ikamwaga lava juu ya barabara ya Rutshuru, na siku chache nyuma yake maelfu wakaambiwa wahame, wakaelekea Sake. Juni 2022 M23 ikakamata Bunagana, na mwezi ule ule Petite Barrière ikaanza kufungwa saa tisa ya alasiri. Februari 2024 vita ikafika Sake na Shasha, njia ya Minova ikakatwa. Januari 2025 ikaingia Goma yenyewe: uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafunga milango.

Kila mara muji ulikula. Kidogo, na kwa bei ya kuumiza, lakini ulikula. Nani alifanya hiyo kazi? Si wizara. Mpaka ulipofungwa wakati wa korona, bamama wa biashara ndogo waliunga feza zao, wakanunua pamoja, mutu mmoja akavukisha mali ya wote kwa gari. Barabara ya Minova ilipokatwa, mali ikashuka ziwani. Benki zilipofungwa, biashara ikahamia kwa pesa ya telefone, na wakala akakata sehemu yake. Wengine wakavuka Gisenyi kutafuta noti. Mama anapiga simu saa kumi na moja ya asubuhi: boti imetoka? njia ya Sake iko namna gani leo? nyanya ni ngapi kule? Kisha anaamua kama feza ya likelemba ataiweka kwa nyanya ao kwa unga.

Wataalamu wanaita hiyo kusimamia mnyororo wa ugavi wakati wa mashaka. Vyuo vinaifundisha, na masomo yenyewe si ya ajabu: usitegemee njia moja, usitegemee muuzaji mmoja, pata habari mbele ya wengine, gawanya muzigo, weka akiba. Toyota, nyuma ya tetemeko la ardhi la Japani la 2011, iliwadai wauzaji wake waweke akiba ya chip ya miezi kadhaa. Ndiyo maana uhaba wa chip wa mwaka 2021 ulichelewa kuigusa wakati viwanda vingine vilikuwa vimesimama.

Mama wa Kituku anajua masomo yote hayo, isipokuwa lile la mwisho linamushinda. Akiba anaitoa wapi? Stoki yake yote ni gunia mbili, na feza ya gunia hizo ni deni. Boti ikikosa kutoka siku mbili, nyanya zinaoza, lakini deni haiozi. Kampuni kubwa ikipata mashaka, inatumia akiba na asiransi. Mama akipata mashaka, anatumia mwili wake, ao karo ya mutoto. Njo vile hatutaki mutu alinganishe mambo hayo mawili kwa neno moja la kupendeza.

Na mara nyingine anatumia maisha yenyewe. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti MV Merdi ilizama mbele ya Kituku, karibu kabisa kufika, watu wakiiona toka pwani. Ilikuwa inatoka Minova, imejaa kupita kipimo. Makumi ya watu walikufa. Tuulize vizuri: walikuwa wanafanya nini ndani ya maji? Wengi wao wangepanda gari kama barabara ingekuwa wazi. Mnyororo ulikuwa "umejirekebisha", uliacha barabara ukaingia ziwani. Kwa ripoti hiyo inaandikwa njia mbadala. Kwa Kituku iliitwa kilio.

Sasa tufike kwa kamba.

Mwaka 2017 watafiti wa IPIS walihesabu bariyeri 798 ndani ya Kivu mbili, ya Kaskazini na ya Kusini. Jeshi la taifa ndilo lilikutwa kwa bariyeri nyingi kuliko kundi lingine lolote. Tunaliandika mapema ili mutu asije kutuambia tunaona uchafu wa upande mmoja. Tangu siku hiyo mabwana wamebadilika sehemu nyingi. Wengine wanavaa nguo ya serikali, wengine wanajiita Wazalendo, wengine wanajiita wakombozi. Kamba haijabadilika. Ni ile ile, mara nyingine na kijiti kile kile.

Munajua bariyeri inakula namna gani? Haiulizi faida yako. Haiulizi kama umeuza. Inakula kila unapopita. Fikirieni maana yake kwa mutu anayejaribu kujipanga. Chuo kinasema gawanya muzigo ili usipoteze vyote pamoja; kwa bariyeri, muzigo uliogawanywa mara tatu unalipa mara tatu. Chuo kinasema zunguka, tafuta njia nyingine. Njia nyingine ina kamba zake mpya, na wa kule hawajui jeto ya wa huku. Chuo kinasema nunua kidogo kidogo kufuatana na hali. Mwenye beseni mara nyingi anatoa kwa kilo moja kuliko mwenye kamyo, juu mwenye kamyo anaweza kumupigia simu komanda. Kila ujanja unaomwokoa mama na vita, bariyeri inauuzia bei. Na bariyeri nayo inajua kujipanga! Mali ikishuka ziwani, wakusanyaji wanashuka bandarini. Hiyo njo mnyororo pekee wa huku kwetu ambao haujawahi kukatika.

Angalieni sasa mali nyingine inayoshuka toka milima ile ile ya Masisi. Rubaya iko chini ya M23 tangu mwisho wa Aprili 2024. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba kodi ya koltani pale iliingiza si chini ya dola 800 000 kwa mwezi. Koltani haiozi. Inaweza kungoja juma mbili ndani ya depo mpaka njia itulie. Maziwa ya Masisi hayangoji mpaka jioni. Lakini ni mnyororo gani dunia inaulinda? Tarehe 27 Juni 2025 Kinshasa na Kigali walitia sahihi Washington, na minyororo ya madini imetajwa ndani ya mkataba ule. Mnyororo wa maziwa na wa maharagi, tuendelee kuubeba kwa mugongo.

Tunajua jibu linalokuja: "Bariyeri ni usalama, munataka adui apite?" Sawa. Bariyeri ya usalama inatafuta bunduki. Haina bei ya gunia la viazi na bei ya gunia la makala. Haina mutu wa kupokea feza na mwingine wa kuandika jeto, ile karatasi ndogo ya kupita. Mama akilipa anapita bila mutu kugusa hata kifuniko cha beseni. Hiyo ni usalama wa nani?

Na wengine, marafiki kabisa, wanatuambia: fundisheni bamama kupanga biashara, leteni mafunzo. Na nani atamufundisha nani? Mweke mkurugenzi mmoja wa ulaya pale Kituku na gunia moja ya deni, tuone kama atafika Jumamosi.

Kwa hiyo tunasema hivi, na tunawasemea wote wanaoshika silaha na mihuri.

Nyinyi munaotawala Goma na Bukavu kwa nguvu ya bunduki: munajisifu kwamba barabara ni wazi. Barabara yenye kamba haiko wazi. Ondoeni malipo juu ya chakula, kuanzia shamba mpaka soko. Muache uwanja wa ndege wa Goma upokee dawa na ndege za raia.

Nyinyi wa Kinshasa: musijifiche nyuma ya adui. Sehemu ambazo bado ziko mikononi mwenu, bariyeri za askari na za wanamgambo munaowapa risasi zinakula mama yule yule. Kule hamuhitaji mkataba wa Washington wala wa Doha kuziondoa. Munahitaji amri moja, na kumufunga komanda wa kwanza atakayeikaidi. Muanzie kesho.

Nyinyi wa mashirika: semina moja ya rezilyansi pungua, jile za kuelea ongeza. Kila boti ya Minova iwe na jile kwa kila mutu, na bandari ndogo zipate gati ya kweli, si mbao mbili zinazoteleza. Munaponunua maharagi ya msaada, nunueni kwanza kwa mkulima wa Kalehe na wa Masisi kabla ya kuagiza mbali, na lipeni haraka, juu yeye naye ana deni.

Na sisi vijana? Sisi tunahesabu. Wa mwisho kuhesabu kamba zote za Kivu walikuwa wageni. Hesabu ya sasa tuifanye wenyewe. Kama uko motari, dereva, mubebaji wa chukudu, mutoto wa mama wa soko: kila juma tuandikie kwa ujumbe wa faragha njia iliyopitiwa, kamba ngapi, kiasi gani kwa kila moja, na muzigo ulikuwa nini. Tutaweka hapa njia kwa njia, ili siku mukubwa yeyote akisema "tumeondoa bariyeri" tumuonyeshe ni zipi. Jina lako usiandike, wala la mama. Plaka ya moto usiandike. Picha ya bariyeri usipige kabisa. Jeto ikibaki mufukoni, ipige picha ukifika nyumbani, ficha namba yake, tuma, kisha uichane.